Pima mfumuko wa bei wa nyumba yako
Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Mimi huanzia soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili: gorogoro (mkebe wa kupimia) ya mahindi, omena, mafuta ya kupima, sukari. Andika bei, na uikague gorogoro yenyewe, maana wengine huigonga kitako kikabonyea ndani. Bei ni ileile, mahindi yamepungua. Huo nao ni mfumuko.

Mwaka ukiisha, linganisha. Mahindi yakitoka shilingi 120 hadi 150, gawanya 30 kwa 120: asilimia 25. Usijumlishe tu, zidisha kwa fungu lake katika matumizi yako. Kama mahindi hula robo ya matumizi yako, yamechangia pointi 6 na kidogo za mfumuko wako wote.

Jumlisha michango ya bidhaa zote, kisha weka jibu lako kando ya takwimu za kila mwezi za KNBS, shirika la takwimu la Kenya. Oktoba 2022 zilionyesha asilimia 9.6. Benki Kuu hulenga mfumuko wa asilimia 5, ikiruhusu 2.5 juu au chini, na ili kuutuliza, Februari 2024 ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Hapo ndipo mimi na shemeji hubishana. Yeye husema riba ikipanda, bei hutulia; mimi humuuliza: riba italeta mvua ya kukuza mahindi? Haileti. Ila riba ya juu ikiipa shilingi nguvu, bidhaa za kuagizwa kutoka nje hupoa bei. Hilo namkubalia, shingo upande.