Jinsi ya kutumia neno "dismal" bila kukosea

Nafundisha kingereza vijana wanaojiandaa kuongoza watalii hapa Moshi na hili neno linawasumbua kila msimu, wengi wameshika kwamba ni "huzuni" basi wanaliweka popote. Twende taratibu.

Hatua ya 1, tamka. Hiyo s inatoka kama z, mkazo uko mwanzoni, DIZ-mol. Sio "disimali".

Hatua ya 2, jua lilikotoka, na hapa naomba msiruke. Ni kilatini, dies mali, yaani siku mbaya. Zamani kule Ulaya kalenda zilikuwa na siku mbili kila mwezi, jumla 24 kwa mwaka, zimewekewa alama kuwa ni za nuksi, mfano Januari ilikuwa tarehe 1 na 25, na waliziita siku za Misri kwa kuamini wanajimu wa Misri ndio walizipigia hesabu. Kwenye kifaransa ikawa dis mal, Waingereza wakalibeba hivyohivyo hawajui siku imeshatajwa humo ndani, wakaanza kusema "dismal days", sawa na mtu aseme siku za siku mbaya! Ndo likageuka kivumishi. Kwahiyo kichwani weka nuksi kwanza, huzuni baadae.

Hatua ya 3, angalia linaandamana na nini. Mwezi wa saba wingu likikalia Kibosho siku tatu, manyunyu hayakatiki, kilele cha Kibo huioni, soksi ulizoanika juzi bado mbichi, mgeni akisema "dismal weather" amepatia kabisa. Timu ikipigwa tano bila, "a dismal performance". Mpango ukifeli vibaya, "a dismal failure".

Hatua ya 4, usijiite hivyo. Mwanafunzi wangu alifiwa na bibi yake akamwandikia mgeni "I am dismal today", mgeni hakuelewa kama kuna msiba, pole ilichelewa na kijana aliumia. Hapo andika "sad", inatosha.

Utakutana pia na "the dismal science", yaani uchumi. Ni maneno ya mwandishi wa Uskoti, Thomas Carlyle, 1849, na wengi wanadhani alichoshwa na mahesabu tu, kumbe kwenye andiko lile alikuwa anataka weusi wa Karibi waliotoka utumwani walazimishwe kazi, na wanauchumi walikuwa upande wa kuwaacha huru. Mimi darasani hilo jina silitumii kwa utani hata siku moja.