Futeni ile 219 ukutani

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nyinyi wagema wa mepo, ule mti ambao utomvu wake huchemshwa hadi uwe shira, ninaowatembelea huku Maine na Vermont, Marekani, hamtii maji, mnayaacha tu yaliyokuwemo, lakini hasara ni ileile. Ikifika Juni au Julai simu zinaanza: Bwana Shamba, shira imeota ukungu, Bwana Shamba, mfuniko umefura, mteja karudisha chupa tatu na anataka pesa yake. Nikiuliza mliipima vipi, jibu nalijua kabla halijatamkwa.

Habari za kutoboa miti naziruka. Wengi wenu mnatoboa vizuri kuliko majirani mliowakuta, na mnajua kwamba utomvu unashuka usiku ukigandisha na mchana ukiyeyusha. Tatizo liko kwenye karai, dakika kumi za mwisho.

Nikiingia kwenye kibanda cha kuchemshia naangalia ukuta kwanza. Mara nyingi nakuta namba 219 imeandikwa kwa maka peni, kubwa, kama namba ya nyumba. Mtu kaambiwa na rafiki kwamba shira ya mepo huiva kwenye nyuzi 219 za Farenhaiti, basi kila siku ya msimu anazima moto themometa ikigonga hapo.

Namba hiyo ilitoka wapi? Kwenye usawa wa bahari, hewa ikiwa ya kawaida, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 212. Shira iliyoiva huchemka nyuzi 7.1 juu ya maji. Jumlisha, unapata 219 na kidogo. Kinachobaki palepale ni hiyo 7.1. Hiyo 212 inahama. Ukipanda mlima, kila futi 500 hivi zinapunguza karibu nyuzi moja. Na hata usipohama nyumbani kwako, hewa yenyewe inahama: siku ya anga safi na baridi kavu, mgandamizo wa hewa ukiwa juu, maji bondeni yanaweza kuchemka kwenye 213, dhoruba ya theluji ikikaribia, yanaweza kuchemka kwenye 210 na nusu. Banda lilelile, karai lilelile, wiki ileile.

Sasa pigeni hesabu. Siku ya 213 ukazima kwenye 219, umezima nyuzi 6 tu juu ya maji. Shira hiyo haijafika asilimia 66 ya sukari, kiwango cha chini kinachotakiwa Marekani. Vermont wanadai 66.9. Chini ya hapo hamira na ukungu wanapata maji ya kuishi, na joto la kiangazi linamaliza kazi. Siku ya 210 na nusu ukangoja 219, umepitiliza kwa zaidi ya nyuzi moja: shira inakuwa nzito mno, na baada ya wiki chache mawe ya sukari yanajipanga chini ya chupa. Nayo ni hasara, kwa sababu umechoma kuni ili upate ujazo mdogo zaidi wa kuuza.

Kwa utomvu wenye sukari asilimia 2, lita moja ya shira imekula lita 43 za utomvu. Ukimwaga lita 20 zilizochacha, umemwaga lita 860 ambazo watoto wako walizibeba kwa ndoo kwenye theluji. Waambie wao kwamba ulikadiria kwa macho.

Fanyeni hivi. Asubuhi, kabla ya kazi kubwa, weka sufuria ndogo ya maji matupu kwenye jiko la gesi. Acha yachemke kwelikweli, yatokote, si yale mapovu madogo ya pembeni. Chovya themometa ileile utakayotumia kwenye karai, ncha yake izame bila kugusa chini. Ngoja namba itulie. Iandike, ongeza 7.1, na jibu ndiyo namba yako ya siku hiyo. Maji yakichemka kwenye 211.2, shira yako itaiva kwenye 218.3. Rudia mchana, rudia jioni kabla ya kumalizia, na rudia wakati wowote upepo ukigeuka au mawingu yakiingia. Kazi yote haizidi dakika kumi. Nasisitiza themometa ileile kwa sababu hata kama inasema uongo, itasema uongo uleule mara zote mbili, na tofauti itabaki ya kweli. Iwe inayoonyesha sehemu za kumi za nyuzi. Ile ya kupimia nyama ya bata mzinga, yenye mistari ya nyuzi mbili mbili, irudisheni jikoni.

Wapo wanaoniambia wanatazama inavyodondoka kwenye kijiko. Sawa, ikianza kuning'inia kama shuka badala ya kudondoka matone, ujue uko karibu. Kijiko kinakuita usogelee, hakikupi ruhusa ya kuzima. Wala msiifananishe na shira ya kaimati iliyopoa kwenye bakuli. Shira yoyote ikiwa ya moto huonekana nyepesi.

Mwenye haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa shira, ana bahati, ila naye ananikasirisha. Kikombe cha kupimia kipashwe moto kwanza. Jaza shira iliyotoka kwenye karai sasa hivi, shusha haidromita polepole, soma mara moja kwenye mstari wa shira ya moto, jicho likiwa sawa na shira. Ukienda kupokea simu ukarudi, shira imepoa, imekuwa nzito, na haidromita inaelea juu zaidi. Utaona imeiva kumbe bado. Mwaka wangu wa kwanza nilikiacha kikombe dirishani nikizungumza na jirani. Lita kumi na moja zilichacha, na jirani huyo bado ananitania. Haidromita ioshwe pia kwa maji ya moto kila baada ya kupima, maana ikishikwa na sukari inazama kupita kiasi na utaunguza mzigo mzima ukiungojea.

Najua kwa nini mnazima mapema. Ni saa tano usiku, mmoja ana zamu kiwandani alfajiri, mwingine karudi hospitalini hajala. Ukichoka, zima moto kabisa. Shira ambayo haijaiva ipoe, ikae kwenye friji, kesho uimalizie kwenye sufuria jikoni ukiwa umeshapumzika. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuifunga kwenye chupa na kubandika jina la familia.

Ikishafika kipimo, ichuje ikiwa ya moto ili mchanga wa sukari, yaani chembe za madini ya utomvu, ubaki kwenye kitambaa, kisha ijaze chupani kwenye nyuzi 180 hadi 185. Ikipoa chini ya 180, ipashe tena; isipite 200, maana mchanga mpya utajitengeneza na shira haitakuwa angavu. Funga, laza chupa ubavu dakika chache ili moto uguse mfuniko. Shira iliyoiva sawasawa itakaa kabatini mwaka mzima bila kufunguliwa.

Iliyokwisha kuharibika je? Iliyopitiliza, rudishia utomvu kidogo, chemsha, pima upya. Nyepesi ambayo haijachacha, chemsha hadi namba ya siku hiyo (si namba ya siku ulipoipika), chuja tena, jaza tena. Iliyochacha isichanganywe na nzuri hata kijiko kimoja, wala isipelekwe sokoni kwa bei ya chini.

Na ukutani, mwaka huu, andikeni kwa chaki.