Jinsi ya kusoma matokeo ya Baraza la Juu la New South Wales bila kuchanganywa na asilimia

Kila uchaguzi wa jimbo ukipita, grupu letu la Whatsapp hapa Sydney linajaa skrinshoti na maswali ni yale yale. Chama kina asilimia 3 tu, kiti kimetoka wapi? Na huyu mwenye 2 na ushee mbona kaachwa? Nimeshamuelekeza mtu mmoja mmoja inbox mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naandika yote hapa, atakayeuliza tena natuma linki.

Mfano wangu ni uchaguzi wa tarehe 25 Machi 2023, kwa sababu matokeo yake yalishafungwa, kwa hiyo ukipiga hesabu yako unaweza kuikagua mwenyewe. Unahitaji simu au laptop na Excel, basi. Google Sheets nayo poa. Zile kalkuleta za uchaguzi za mtandaoni mimi sizipendi, unaingiza namba inakutemea viti, hujui katikati kimetokea nini, na hapo katikati ndipo palipo na mambo yote.

Hatua ya 1: Hakikisha unaangalia uchaguzi wenyewe

Bunge la New South Wales lina nyumba mbili. Ya chini ina viti 93, kila eneo linatoa mtu mmoja, na huko ndiko inakotoka serikali. Ya juu ina watu 42 na jimbo zima ni eneo moja, uwe unakaa Blacktown au Broken Hill karatasi yako ya kura ni ile ile. Hawa wa juu wanakaa miaka minane, ndiyo maana kila uchaguzi wanachaguliwa 21 tu, nusu.

Seneti ya Canberra ni kitu kingine kabisa. Nasema hivi kwa sababu Wakenya lazima wamtaje Lucy Gichuhi. Yule mama alikuwa Seneta wa shirikisho kutoka South Australia, aliingia 2017 baada ya aliyekuwepo kuondolewa na kura kuhesabiwa upya. Hayumo kwenye hesabu ya leo.

Hatua ya 2: Tafuta kwota

Kura halali zote, gawa kwa 22, ongeza 1. Hiyo ndiyo kwota, yaani idadi ya kura zinazompa mtu mmoja kiti bila ubishi.

Kwa nini 22 wakati viti ni 21? Kwa sababu watu 21 kila mmoja akiwa amevuka moja ya ishirini na mbili ya kura, zilizobaki hazimtoshi mtu wa 22 kufika hapo. Kwa asilimia inakuja 4.545 hivi. Ukiwa mvivu kama mimi gawa tu asilimia ya chama kwa 4.545, jibu ni lile lile.

Hatua ya 3: Chukua namba za tume ya uchaguzi, na usiku wa uchaguzi lala mapema

Usiku ule ule unaoona nyumba ya chini inatangazwa, namba za nyumba ya juu hazijaiva. Kwenye vituo wanahesabu haraka kura za vyama vichache, zile rahisi zenye namba 1 juu ya mstari (sehemu ya karatasi unapochagua kundi la chama), zinazobaki zinatupwa kwenye fungu la "wengine". Humo ndani kuna vyama vidogo, kuna kura zilizojazwa chini ya mstari (unapopanga wagombea mmoja mmoja), kuna zilizoharibika, vyote pamoja mpaka zije zichambuliwe. Sasa mtu anaona "wengine" wana asilimia kubwa anaandika kwenye grupu kwamba vyama vidogo vimefagia. Hakuna kilichofagiliwa.

Subiri. Kura za posta nazo zinaingia taratibu, halafu kila karatasi yenye namba zaidi ya moja inaingizwa kwenye kompyuta, na mwisho tume inabonyeza kitufe, mgao wote unatoka kwa mpigo mmoja. Mwaka 2023 ilichukua zaidi ya wiki tatu, mpaka Aprili. Hadi siku hiyo mtu yeyote anayekutajia viti vyote 21 kwa uhakika anakisia, hata awe na tai na yuko kwenye TV.

Hatua ya 4: Gawa

Safu ya kwanza jina la chama, ya pili asilimia, ya tatu asilimia gawa kwa 4.545. Ukitumia INT unapata viti kamili, ukitumia MOD ya 1 unapata baki. 2023 inatoka hivi, nimefupisha desimali:

Labor 36.6, kwota 8.05
Muungano wa Liberal na National 29.8, kwota 6.56
Greens 9.1, kwota 2.00
One Nation 5.9, kwota 1.30
Legalise Cannabis 3.7, kwota 0.81
Liberal Democrats 3.5, kwota 0.77
Shooters, Fishers and Farmers 3.1, kwota 0.68
Animal Justice 2.2, kwota 0.48

Viti kamili: 8, 6, 2, 1. Jumla 17. Vimebaki vinne.

Hatua ya 5: Viti vinne vya mwisho, hapa kaa vizuri

Hii ndiyo hatua inayokula jioni za watu. Wengi wakifika hapa wanafanya moja kati ya mawili. Wa kwanza anasema hakuna mwingine aliyefika kwota moja kwa hiyo viti havina mwenyewe, jambo ambalo haliwezekani maana viti lazima vijazwe. Wa pili amesoma kidogo kuhusu kura za chaguo la pili, yaani kura inayohamia kwa uliyemwandikia 2 yule wako wa 1 akitolewa, anaanza kuchora mishale, wa bangi (Legalise Cannabis) watawapa Greens, Greens watawapa wanyama (Animal Justice), wanyama watawapa Labor, mpaka anafika kwenye jibu la ajabu. Huyu wa pili ndiye mgumu kumrudisha njiani, kwa sababu anachosema kilikuwa kweli zamani.

Zamani yenyewe ni 1999. Mwaka ule karatasi ya kura ilikuwa na wagombea 264, Waaustralia wenyewe waliiita kitambaa cha meza. Ukiweka 1 kwa chama juu ya mstari, kura yako ilifuata mpango wa mgao ambao chama kiliusajili tume, sio ulioamua wewe. Watu wakaanzisha vyama vidogo vidogo vyenye majina matamu, vikapeana kura kwa nyuma, na Malcolm Jones wa Outdoor Recreation Party akapata kiti akiwa na asilimia 0.2 ya kura za kwanza. Sifuri nukta mbili! Baada ya hapo mipango hiyo ikafutwa, na kuanzia uchaguzi wa 2003 kura haihami mpaka mpiga kura mwenyewe aandike namba.

Na wapiga kura wengi hawaandiki. Sheria inakuruhusu kuweka 1 tu juu ya mstari ukaenda zako kula soseji, kura ni halali kabisa. Inakwenda kwa wagombea wa kundi lako kwa mpangilio wao, wakiisha imekufa pale pale. Ukijaza chini ya mstari lazima ufike angalau 15, wanaofanya hivyo ni wachache. Kwa hiyo kura nyingi zinafia njiani kabla hazijamsaidia mtu mwingine, na viti vya mwisho vinachukuliwa na watu ambao hawajafikisha kwota. Waliobaki kwenye hesabu wakilingana na viti vilivyobaki, wanaingia kama walivyo.

Matokeo yake ni kwamba mara nyingi unapanga tu baki kutoka kubwa kwenda ndogo na kugawa kwa foleni. Kwa 2023: bangi 0.81, Liberal Democrats 0.77, Shooters 0.68, na cha nne Muungano 0.56 mbele ya Animal Justice 0.48. Na ndivyo ilivyokuwa, Muungano ukaishia na 7. Ona Labor pale, 8.05, ile 0.05 haikununua kitu. One Nation 0.30 nayo hewa. Ukishaliona hili utaelewa kwa nini chama cha asilimia 3.1 kimepata kiti kizima wakati Labor yenye 36.6 imekosa cha tisa.

Lakini nimesema mara nyingi, sijasema kila mara, na tofauti hiyo itakuaibisha ukiwa na haraka. Nenda 2011. Muungano 47.7, kwota 10.49. Greens 11.1, kwota 2.44. Pauline Hanson, aliyegombea kama huru, 2.4, ambayo ni kwota 0.53. Baada ya Shooters na Christian Democrats kuchukua vyao kwa baki kubwa zaidi vilibaki viwili, na kwa foleni yetu Hanson anaingia wa kwanza na Muungano unafuata. Kitufe kilipobonyezwa Muungano ukapata cha 11, Greens wakapata cha tatu, Hanson nje. Wachache walioandika namba 2 na 3 waliwapa wenzake zaidi kuliko yeye, na pengo lilikuwa dogo kiasi kwamba hao wachache walitosha. Yule Mgreens aliyempita ni Jeremy Buckingham, na ukirudi kwenye 2023 utamkuta tena, ndiye aliyechukua kiti cha Legalise Cannabis. Siasa za huku bwana.

Kwa hiyo kanuni yangu, na ni yangu sio ya tume: pengo kati ya anayeingia na anayeachwa likiwa chini ya kwota 0.1, andika "bado" ufunge laptop. 2011 pengo la Hanson na Greens lilikuwa 0.09 na likapinduka. 2023 pengo la Muungano na Animal Justice lilikuwa 0.08 na halikupinduka. Kwa nje yanafanana, huwezi kujua kabla.

Na kuna jingine ambalo watu hawaamini nikiwaambia. Kundi likizidi kwota, ziada yake inahamishwa, na karatasi zinazohesabika kuwa ndio ziada huko New South Wales zinaokotwa kwa kubahatisha. Majimbo mengine na Seneti wanakokotoa thamani ya kila karatasi, huku wanaokota. Maana yake pengo likiwa dogo sana, ukirudia zoezi unaweza kinadharia kupata mtu mwingine. Kwa uchaguzi wenye kura zaidi ya milioni nne mimi naona ni aibu, lakini imo kwenye katiba ya jimbo na kuibadilisha sio kazi ya asubuhi moja.

Hatua ya 6: Ongeza wale 21 wa zamani

Hii wanaisahau halafu wanashangaa hesabu haifiki 42. Chukua waliochaguliwa 2019: Muungano 8, Labor 7, Greens 2, One Nation 2, Shooters 1, Animal Justice 1. Jumlisha na wapya. Unapata Labor 15, Muungano 15, Greens 4, One Nation 3, Shooters 2, na kimoja kimoja kwa Animal Justice, Legalise Cannabis na Liberal Democrats.

Sasa rudi kwenye kile kiti cha 21. Labor, Greens, wanyama na bangi jumla 21. Upande wa pili nao 21. Kama Animal Justice wangempita Muungano ingekuwa 22 kwa 20 na serikali mpya ya Labor ingepumua. Badala yake ikawa nusu kwa nusu, halafu Rais wa Baraza, yaani spika wake, akawa Ben Franklin wa National. Rais hapigi kura isipokuwa kura zikifungana, kwa hiyo upande wa pili ukabaki na 20. Kiti kimoja cha baki 0.56 ndicho kilichokuwa kinagombewa zile wiki tatu zote.

Na usichukue orodha ya wabunge wa leo kwenye tovuti ya bunge ukaifanya matokeo ya uchaguzi. Watu wanahama. Mark Latham alikuwa na kiti cha 2019, akajiuzulu ili agombee tena 2023 akiwa juu ya orodha ya One Nation, akashinda, na kabla mwaka haujaisha akawa huru. Tumia namba za tume za siku ya kutangazwa.

Hatua ya 7: Kama uko jimbo lingine

Njia ni ile ile, badilisha viti. South Australia wanachagua 11, kwota 8.33. Western Australia tangu 2025 jimbo zima ni eneo moja lenye viti 37, kwota 2.63. Walibadilisha baada ya 2021, pale Wilson Tucker wa Daylight Saving Party alipoingia kwa kura za kwanza 98 katika kanda ya Mining and Pastoral. Uchaguzi wao 2025 ulitoa Labor 16, Liberal 10, Greens 4, National 2, One Nation 2, na kimoja kimoja kwa Legalise Cannabis, Australian Christians na Animal Justice. Huko mtu anachaguliwa Machi lakini anaanza kazi tarehe 22 Mei, kwa hiyo msishangae kuona wa zamani bado wamekaa.

Victoria msitumie hatua ya 5. Wana kanda nane za watu watano, kwota 16.67, na kwenye uchaguzi wa 2022 bado walitumia ile mipango ya vyama kupangiana kura. Ndiyo iliyomwingiza Rod Barton 2018 kwa asilimia 0.62. Foleni ya baki huko haikuambii kitu, lazima ufungue mipango yenyewe kanda kwa kanda. Tasmania ni mtu mmoja kila eneo, viti 15, hawachaguliwi wote pamoja. Queensland msinitumie swali, baraza lao la juu lilifutwa 1922.