Draiva inapogoma kwenye Windows 7: soma kwanza namba ya kifaa

Ukipita steshenari za Mwanjelwa au Mafinga hutakosa mashine ya Windows 7. Inachapa na kutoa kopi bila tabu, mpaka siku inapopigwa Windows upya au kuletewa printa mpya. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na draiva nyingi za sasa, yaani programu zinazoiwezesha Windows kutumia kifaa, hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Achana na programu zinazoahidi kutafuta draiva zote kwa mpigo. Zinamaliza bando na kuacha takataka. Fungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa vya kompyuta, bofya mara mbili kifaa chenye alama ya njano. Kodi 28 maana yake draiva haipo kabisa. Kodi 52 maana yake ipo, ila Windows imeshindwa kuthibitisha saini yake, alama ya kidijitali inayoonyesha imetoka kwa nani.

Kwenye dirisha hilohilo ingia Details, chagua Hardware Ids. Utakuta kitu kama PCI\VEN_10EC&DEV_8168. VEN ni mtengenezaji, DEV ni kifaa chenyewe. Hiyo ni kadi ya mtandao ya Realtek. VEN ikiwa 8086, ni Intel. Vifaa vya USB, printa zikiwemo, huonyesha VID (mtengenezaji) na PID (kifaa). Iamini namba hii kuliko lebo ya kasha, maana mashine za mtumba hubadilishwa vitu ndani.

Bonyeza Windows na Pause uone kama mfumo ni wa biti 32 au 64. Draiva ya biti 32 haiingii kwenye mfumo wa biti 64, hata ulazimishe vipi.

Mtandao wenyewe ukiwa ndio umekufa, pakua draiva kwa simu kutoka tovuti ya mtengenezaji, kisha ihamishe kwa waya wa USB. Chomeka tundu jeusi: la bluu kwa kawaida ni USB 3.0, na Windows 7 haiji na draiva yake.

Faili la kusakinisha likikataa, lifungue kwa programu ya 7-Zip utafute faili la .inf, lenye orodha ya vifaa vinavyohudumiwa na draiva hiyo. Lifungue kwa Notepad, tafuta ile DEV yako (au PID kwa kifaa cha USB), kisha soma kichwa cha sehemu ilipo. NTamd64.6.1 inafaa Windows 7 ya biti 64. NTx86 ni ya biti 32. Ukikuta 10.0 peke yake, hiyo ni ya Windows 10, usijisumbue. Ikilingana, rudi Device Manager, Update Driver Software, Browse my computer, uelekeze kwenye folda hiyo.

Kodi 52 mara nyingi husababishwa na saini za SHA-2, aina mpya ya saini ambayo Windows 7 isiyosasishwa haiijui. Hakikisha una Service Pack 1, kisha pakua kutoka Microsoft Update Catalog masasisho mawili, uyasakinishe kwa mpangilio huu: KB4490628, halafu KB4474419. Zima na kuwasha, usakinishe draiva upya. Wapo wanaobonyeza F8 na kuzima ukaguzi wa saini, lakini hiyo hudumu kwa kuwasha mara moja tu: umeme ukikatika ukarudi, printa imegoma tena na wateja wamepanga foleni.