Somo: Waya au Wi-Fi nyumbani? Amua kabla hujaongeza kifurushi

Habari wakuu. Malalamiko ninayoyasikia zaidi kwa watu waliofungiwa faiba ni haya: sebuleni kasi ni nzuri, ukiingia chumbani video inazunguka tu, na mtoto anayesoma mtandaoni anampoteza mwalimu katikati ya sentensi. Wengi hukimbilia kupandisha kifurushi. Pesa hiyo mara nyingi inapotea bure, kwa sababu kifurushi kinaishia kwenye ruta. Safari ya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kifaa iko mikononi mwako mwenye nyumba.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kinachokaa mahali pamoja kipewe waya, kinachotembea kipewe Wi-Fi, na kama una uwezo wa kuvuta kebo moja tu, basi iwe ile ya kulisha Wi-Fi ya upande wa pili wa nyumba. Sasa twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Pima

Chukua laptopu, ichomeke moja kwa moja kwenye ruta kwa kebo, zima Wi-Fi ya laptopu, halafu pima kasi. Ukipata zile 20 Mbps (megabiti kwa sekunde) ulizolipia, kwa mfano, mtoa huduma ametimiza wajibu wake na tatizo limo ndani ya nyumba. Usipozipata hata kwa waya, mpigie yeye kwanza.

Kisha chomoa kebo, washa Wi-Fi, pima ukiwa karibu na ruta, halafu kwenye kila chumba mnachotumia, milango ikiwa imefungwa kama inavyokuwa usiku.

Kipimo cha pili wengi hawakifanyi, nacho ndicho kinachosema ukweli zaidi. Kwenye Windows fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika ping -t 192.168.1.1, uache iendelee dakika chache; amri hii inaitumia ruta ujumbe mdogo na kupima muda wa jibu kurudi. Anwani ya ruta yako imeandikwa kwenye kibandiko chini yake, huenda ikawa 192.168.0.1 au nyingine. Kwa waya utaona majibu yanarudi chini ya milisekunde 1, mstari baada ya mstari, bila kuyumba. Kwa Wi-Fi nzuri ni milisekunde 2 hadi 10 hivi. Ukiona 4, 6, 5, halafu ghafla 180, halafu 3, halafu 320, umeshamwona mchawi. Kipimo cha kasi kinaweza kukuonyesha namba kubwa ya kupendeza, lakini kila majibu yanaporuka hivyo ndipo sauti ya Zoom inapokatika na gemu inapoganda.

Sababu yake ni hii. Kebo ni njia ya kifaa kimoja peke yake, inapeleka na kupokea kwa wakati mmoja. Hewa ni ya wote. Wi-Fi ni kama baraza ambako anazungumza mmoja kwa zamu: wengine wote wa chaneli ile (kipande cha masafa ambacho ruta inarushia) wanangoja, na miongoni mwa wanaongoja vimo vifaa vya jirani yako kama ruta yake iko kwenye chaneli hiyo hiyo. Simu iliyo mbali, nyuma ya kuta tatu, inalazimika kuzungumza polepole, hivyo zamu yake inakuwa ndefu na inawachelewesha hata walio karibu na ruta. Ndiyo maana ukihamishia TV na kompyuta ya mezani kwenye waya, simu nazo zinapata nafuu. Foleni imepungua.

Hatua ya 2: Zijue kuta zako

Mbao na dari ya jipsamu haviisumbui sana Wi-Fi. Tofali la kuchoma linapunguza. Zege lenye nondo linapunguza mno, na slabu ya ghorofa ndiyo mbaya kuliko zote. Bati, kioo kikubwa cha kujitazamia, friji na tangi la maji navyo ni vizuizi, kwa hiyo ruta iliyofichwa nyuma ya TV ndani ya kabati imefungwa jela. Nyumba za kale za Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa, zenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, zinahitaji mpango tofauti kabisa: humo usitegemee ruta moja, hata iwe na antena ngapi.

Kumbuka pia kwamba masafa ya 2.4 GHz yanafika mbali na kupenya vizuri zaidi, ila yamejaa majirani, Bluetooth na oveni za maikrowevu. Masafa ya 5 GHz yana kasi na nafasi, lakini kuta zinayachosha upesi.

Hatua ya 3: Orodhesha vifaa

Andika kwenye karatasi safu mbili. Ya kwanza: TV, kompyuta ya mezani, kinasa picha cha kamera, gemu ya kuchomeka kwenye TV, printa ya ofisi ya nyumbani. Hivi ni vya waya. Ya pili: simu, tableti, laptopu inayozungushwa. Hivi ni vya Wi-Fi, usijisumbue. Netflix wenyewe wanapendekeza 5 Mbps kwa picha ya 1080p na 15 Mbps kwa 4K, kwa hiyo TV moja ya 4K inaweza kula robo tatu ya kifurushi cha 20 Mbps. Hapo hata waya hautafanya muujiza.

Hatua ya 4: Kununua kebo

Hapa ndipo watu wanapoibiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Cat5e na Cat6 ni madaraja ya kebo za mtandao. Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde (yaani 1,000 Mbps) hadi mita 100. Kwa nyumba ya kawaida inatosha. Cat6 nayo inabeba hiyo gigabiti 1 kwa mita 100, na inaweza kufika gigabiti 10 kwa umbali wa kama mita 55. Ukijenga nyumba mpya chukua Cat6, kwa sababu kurudia kazi ya kuvuta ni ghali kuliko tofauti ya bei.

Kinachoumiza ni kebo ya alumini iliyopakwa shaba juu. Boksi limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa, na pembeni kwa herufi ndogo limeandikwa CCA. Ukienda Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli (Nairobi), omba kipande kabla ya kulipa. Menya, toa uzi mmoja, ukwaruze taratibu kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ile nyingine, ukiondoa rangi ya juu tu unakuta weupe wa fedha. Kisha ukunje uzi huo na kuukunjua mara kadhaa mahali pamoja: wa alumini unakatika mapema. Boksi lake pia ni jepesi kuliko la shaba la urefu ule ule. Kebo hiyo inaweza kufanya kazi siku ya kwanza, lakini inakatikia kwenye vichwa (vile vya plastiki vya kuchomeka), na ukipitishia umeme wa kamera inapata joto na kupoteza volti njiani.

Hatua ya 5: Kuvuta

Unayejenga, sema na fundi umeme kabla ya plasta. Mwambie aweke bomba la peke yake la milimita 25 kutoka mahali ruta itakapokaa hadi sebuleni, chumba cha kusomea, na korido ya juu kama ni ghorofa. Ndani ya kila bomba aache kamba. Hata kama huna pesa ya kebo leo, bomba na kamba vitakungoja. Usikubali kebo ya mtandao ipite bomba moja na waya wa umeme. Hilo ni suala la usalama wa watu kwanza, mtandao baadaye. Zikibidi kukutana, zikatane kama msalaba.

Nyumba iliyokwisha, pita juu ya dari na ushuke pembeni ya ukuta kwa tranki ya plastiki (mfereji mwembamba wa kufichia kebo). Usikunje kebo kwa kona kali na usiibane kwa misumari. Ikipita nje, tafuta ile yenye ganda jeusi la kuvumilia jua.

Hatua ya 6: Kubana vichwa

Mpangilio wa rangi za nyuzi uitwao T568B, ukitazama kichwa huku ulimi wa kubonyeza ukiwa upande wa chini na kebo ikielekea kwako, kutoka kushoto kwenda kulia: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili zifanane. Usifumue ile misokoto zaidi ya sentimita 1 na kidogo, kwa sababu misokoto ndiyo inayozuia jozi moja isiingilie nyingine.

Ukimaliza angalia kasi ya kiungo kwenye kompyuta. Ikisoma 100 Mbps badala ya gigabiti 1, kwanza hakikisha tundu la ruta lenyewe ni la gigabiti, maana ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya 100 tu. Kama ni la gigabiti, basi kuna uzi haujashika, na mara nyingi ni wa bluu au wa kahawia: kasi ya 100 inatumia jozi za chungwa na kijani pekee, gigabiti inataka zote nne.

Hatua ya 7: Igeuze ruta ya zamani iwe kituo cha pili cha Wi-Fi

Wengi wana ruta ya zamani kabatini. Ingia kwenye mipangilio yake, mpe anwani isiyogongana na ya ruta kuu, kwa mfano 192.168.1.2, kisha zima DHCP ili ruta kuu pekee ndiyo igawe anwani. Chomeka kebo kutoka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta kuu hadi tundu la LAN la hii ya zamani, usiguse WAN (tundu la kupokea intaneti kutoka nje). Jina la Wi-Fi na nywila viwe vile vile. Kwenye 2.4 GHz, moja iwe chaneli 1, nyingine 6 au 11, upana wa 20 MHz. Ulinzi uwe WPA2 au WPA3, na WPS (njia ya kujiunga kwa kitufe au PIN) izimwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Morogoro): Mkuu asante kwa somo. Mimi ni mpangaji, baba mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta. Nifanyeje?

Jibu: Pole mkuu. Kuna kebo bapa inayopita chini ya mlango au zulia, na tranki ya kubandika kwa gundi ambayo siku ya kuhama inatoka. Njia nyingine ni adapta mbili za kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme za nyumba. Zichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni, na nunua duka linalokubali kurudishiwa, kwa sababu nyumba nyingine zinafanya vizuri na nyingine hazifanyi kabisa.

Swali (Tanga): Nilinunua ripita (kifaa cha kupokea Wi-Fi na kuirusha tena), chumbani baa zimejaa lakini kasi imeshuka. Kwa nini?

Jibu: Baa zinaonyesha nguvu ya mawimbi kati yako na ripita, si kati ya ripita na ruta. Ripita nyingi zinapokea na kurusha tena kwa redio ile ile, kwa hiyo kasi inakatwa karibu nusu. Kama umeiweka chumbani penyewe, ihamishie katikati ya njia. Na kama ina tundu la LAN, angalia mipangilio, huenda ikakubali kulishwa kwa kebo. Hapo itakuwa kitu kingine kabisa.

Swali (Kahama): Natumia ruta ya laini ya simu, ya 4G. Waya utanisaidia?

Jibu: Ndani ya nyumba, ndiyo. Ila kati yako na mnara ni mawimbi vile vile, na waya hauwezi kuongeza kitu hapo. Weka ruta dirishani upande wa mnara, hata kama ni chumba cha mwisho, halafu uvute kebo kutoka hapo kuja sebuleni. Kebo inakupa uhuru wa kuiweka mahali bora.

Swali (Kisumu): Ndugu, niliunganisha nyumba kubwa na nyumba ya wageni kwa Cat6 ya nje. Radi ilipiga karibu, matundu ya ruta na swichi (kisanduku cha kuongeza matundu ya kebo) yakafa. Ninunue nini?

Jibu: Pole sana ndugu yangu, ukanda wa ziwa una radi nyingi mno. Kati ya majengo mawili tumia faiba isiyo na waya wa chuma ndani, yenye kigeuzi kila upande cha kubadilisha mwanga wa faiba kuwa mtandao wa kebo ya kawaida. Kioo hakipitishi umeme. Faida nyingine, hutafungwa na kikomo cha mita 100.

Swali (Dodoma): Cat8 ni bora kuliko Cat6?

Jibu: Imetengenezwa kwa vituo vya seva, gigabiti 40 kwa mita 30. Nyumbani ni pesa ya bure.

Swali (Arusha): Umeme ukikatika, faiba inabaki hai lakini sisi tuko gizani. Kuna njia nafuu?

Jibu: Ipo dada. Kuna UPS (betri za akiba) ndogo za volti 12 zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ruta. Soma volti na ampia kwenye adapta yako kabla ya kununua, maana nyingine ni volti 9. Kumbuka kisanduku cha faiba nacho kinataka umeme, pamoja na swichi na kile kituo cha pili cha Wi-Fi. Ukinunua kituo kinachopokea umeme kupitia kebo ya mtandao, UPS moja kubwa kidogo pale kwenye ruta inavibeba vyote.