Zamu ya kimbunga: maneno uyaandae bahari ikiwa shwari

Ukipangiwa zamu ya kimbunga katika ofisi ya utabiri, usikimbilie ramani. Anza na jenereta. Iwashe ibebe mzigo wote wa ofisi kwa saa nzima. Ya kwetu, huku pwani ya Ghuba ya Meksiko, iliwahi kuwaka vizuri kwenye majaribio ikaja kuzima siku yenyewe, viyoyozi vilipowashwa. Godoro, maji na chakula utajua mwenyewe. Anayeingia zamu hii anaweza kutoka siku ya tatu.

Njia ya kimbunga hutabiriwa na Kituo cha Taifa cha Vimbunga, Miami, kinachotoa taarifa kila baada ya saa 6. Kwa majira yetu ni saa 10 alfajiri, saa 4 asubuhi, saa 10 alasiri na saa 4 usiku. Kazi yako ni kuwalisha vipimo: puto la kupimia hali ya hewa angani, linalorushwa mara mbili kwa siku, sasa lirushwe mara nne.

Angalizo hutoka saa 48 kabla, onyo saa 36. Kabla ya nini? Si kabla ya jicho kutua, bali kabla ya upepo wa kilomita 63 kwa saa. Ukishafika huo, hakuna wa kupanda ngazi kupigilia mbao madirishani.

Ile koni ya kwenye ramani huwaponza wengi. Inaonyesha kitovu kinaweza kupita wapi, basi. Ukubwa wa kimbunga haumo. Na takriban mara moja kwa kila tatu kitovu hutoka nje yake. Aliye pembeni ya koni mwambie waziwazi kwamba naye yumo.

Sasa maneno, ambayo ndiyo kazi hasa. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kasi ya upepo kwa noti (maili za baharini kwa saa) na mgandamizo wa hewa kwa milibari, nikajiona fundi. Simu ikalia, bibi mmoja: "Mwanangu, namba sizitaki. Maji yatafika dirishani kwangu au hayafiki?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo naandika maji kwanza, upepo baadaye, maana maji ndiyo huua wengi zaidi. Baada ya "mita 3 juu ya ardhi" naongeza: yatapita kichwa cha mtu mzima aliyesimama sebuleni.

Sentensi kama hizo usizitunge usiku wa kimbunga, ukiwa na usingizi na hofu. Tarehe 28 Agosti 2005, mtabiri Robert Ricks wa ofisi ya Slidell, Louisiana, alitoa taarifa ya kimbunga Katrina iliyosema sehemu kubwa ya eneo haitakalika kwa wiki kadhaa, pengine zaidi. Maneno mengi yalishakuwa kwenye kiolezo kilichoandaliwa mapema. Alipitia mstari kwa mstari akitafuta wa kufuta, hakuuona.

Mwisho, jiandae kuikabidhi kazi. Agosti 2020 kimbunga Laura kiliivunja rada ya ofisi ya Lake Charles, Louisiana. Watabiri walikuwa wameshaondoka na ofisi nyingine ikitoa maonyo kwa niaba yao. Anayekupokea yuko mbali, hajui mitaa yako. Mwachie ukurasa mmoja: daraja linalozama kwanza, mtaa wenye wazee wengi, na jina ambalo wenyeji huuita ule mto, si lile la kwenye ramani.