Jinsi ya kuomba matengenezo ya mashine ya kushtua moyo bila ombi kurudishwa

Kabla ya kujaza fomu yoyote, iondoe mashine kwenye toroli ya dharura, ibandike karatasi ya "USITUMIE", azima nyingine idara ya jirani na uwaonyeshe wote walio zamu ilipo. Moyo ukitetemeka bila kusukuma damu, na mgonjwa hakandamizwi kifua, nafasi yake ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita bila kushtuliwa. Toroli isikae tupu.

Jina la wodi, tarehe na sahihi ya mkuu wa zamu hazina shida. Kwenye namba, andika zote mbili: ya hospitali na ya kiwandani. Wodi yenye mashine mbili zinazofanana hujikuta imetengenezewa ile nzima.

Kinachokula muda ni kisanduku cha maelezo ya hitilafu. Ombi letu lilirudishwa limeandikwa "haina tatizo", na mashine ileile ikazimika tena tulipoihitaji. Karakana walikuwa wameijaribu ikiwa imechomekwa ukutani, kumbe betri ndiyo iliyokufa. Ukiandika "haifanyi kazi" tu, fundi hana pa kuanzia. Eleza inapogoma: imechomekwa au inatumia betri, inachaji lakini haitoi mshtuko, au inazimika wakati wa kuchaji. Ichomoe, fanya jaribio la kutoa mshtuko kama kitabu chake kinavyoelekeza (baadhi hutumia nishati ya jouli 30), kisha bana karatasi iliyochapishwa pamoja na fomu. Kama haikuchapisha kitu, andika ujumbe uliotokea kwenye kioo, neno kwa neno. Ongeza tarehe betri ilipowekwa.

Pedi za kubandika kifuani zilizopita muda zisiingie kwenye fomu hii. Hizo huombwa stoo, na ukizichanganya ombi lote litazungushwa kati ya ofisi mbili huku mashine imelala.

Siku ya kuipokea, usitie sahihi ukiwa mezani. Ichomoe mbele ya fundi na urudie jaribio lilelile kwa betri. Dai pia karatasi ya vipimo inayoonyesha nishati uliyochagua na ile iliyotoka kweli, maana mashine inaweza kuwaka vizuri na bado ikatoa pungufu. Hakikisha kibandiko kina tarehe ya ukaguzi ujao, iandike kwenye daftari la toroli, ndipo uirudishe mashine ya kuazima.